Bwana Swynnerton wa Shinyanga na hesabu ya mbung'o

Mwezi huu twataka kuwaeleza habari za mtu mmoja aliyefanya kazi kubwa katika nchi yetu ya Shinyanga, akafa mwaka wa 1938, na hata leo jina lake husomwa po pote duniani wanapojifunza habari za mbung'o, ambaye wengi huku bara humwita ndorobo. Mtu huyo ni Charles Swynnerton. Jina lake limeingia hata katika jina la mbung'o mwenyewe, kwa maana aina moja ya mbung'o wa Usukuma na nchi za kaskazini yake huitwa na wataalamu Glossina swynnertoni, kwa ajili yake.

Twaandika habari zake kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wa Nyasubi, Kahama na Geita wanalima na kuchunga leo mahali ambapo babu zao hawakuweza kufuga hata ng'ombe mmoja, nao hawajui yaliyopita. Ya pili, Bwana Swynnerton na wenzake walikutana na shida ambayo kila mtu mwenye akili hukutana nayo siku moja: liko jambo ambalo hatuwezi kuliona lote wala kulihesabu lote, nasi twashika mkononi vipimo vichache tu. Je, kwa vipimo hivyo vichache twaweza kujua kiasi cha kile kilichofichwa? Na tukisema twakijua, twaweza kuaminiwa kadiri gani?

1. Ujana wake

Alizaliwa mwaka wa 1877 mjini Lowestoft, katika pwani ya mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa padre wa Waingereza katika Bara Hindi, na kwa hiyo mtoto alikulia huko. Alipokuwa kijana alisafiri mpaka kusini mwa Afrika, na tangu mwaka wa 1900 alikuwa msimamizi wa shamba liitwalo Gungunyana, karibu na msitu wa Chirinda, katika nchi ambayo siku hizi ni Zimbabwe, mpakani mwa Msumbiji.

Kazi yake ilikuwa ya shamba, lakini moyo wake ulikuwa msituni. Alikusanya ndege, mimea na wadudu, na vingi alivyovipeleka Ulaya vilikuwa havijapata kujulikana na wataalamu. Yuko ndege mdogo wa misitu, jamaa ya kurumbiza, aitwaye kwa jina lake. Ndege huyo huonekana pia katika nchi yetu, katika misitu ya Usambara na ya Udzungwa.

Jambo moja la siku zile laonyesha tabia yake. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakishindana juu ya vipepeo: kwa nini kipepeo mtamu afanane na kipepeo mchungu? Wengine walisema hufanana ili ndege wadanganyike, wasimle, wengine walikana. Swynnerton hakuingia katika mashindano hayo kwa maneno. Alitwaa ndege, akawapa vipepeo wa namna mbalimbali, mmoja mmoja, akaandika kila mara ni kipepeo gani aliyeliwa kwa furaha, yupi aliyeliwa kwa njaa tu, na yupi aliyetemwa. Akafanya hivyo mara nyingi mno. Akatambua ya kuwa jibu la ndege hutegemea njaa yake: ndege aliyeshiba hukataa kile ambacho ndege mwenye njaa hukimeza. Neno hili la njaa tulishike, kwa maana litarudi mbele katika habari za mbung'o.

2. Mfalme Umzila na pori

Mwaka wa 1918 Swynnerton alikwenda kuchunguza habari za mbung'o katika nchi ya Mossurise, upande wa Msumbiji, karibu na shamba lake. Huko alipata somo kwa wazee wa nchi. Walimweleza ya kuwa zamani, katika karne ya kumi na tisa, mfalme Umzila wa Wagaza aliwakusanya watu wake wakae karibu karibu, wakalima na kukata miti, na wanyama wa porini wakawindwa. Mbung'o wakatoweka, ng'ombe wakaishi. Baadaye Gungunyana mwana wa Umzila alihama mwaka wa 1889 kwenda kusini pamoja na watu wengi. Mashamba yakaachwa, pori likarudi, na mbung'o wakarudi pamoja na pori.

Swynnerton aliyaandika hayo katika taarifa yake iliyopigwa chapa mwaka wa 1921. Tokea hapo alisadiki ya kuwa mbung'o huweza kushindwa, na ya kuwa silaha yenyewe ni watu wenyewe, wakikaa pamoja na kulima pamoja.

3. Hali ya nchi yetu

Vita ya 1914 hadi 1918 ilipokwisha, Waingereza walitawala Tanganyika, na Swynnerton akawekwa kuwa mkuu wa kwanza wa Idara ya Wanyama wa Porini, makao yake Kilosa. Aliikuta nchi katika taabu. Katika miaka ya 1890 na kitu ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki karibu wote. Wachungaji wakakosa mifugo, njaa ikaingia, ndui ikapita, kisha vita. Mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakila majani na mbuzi wakila machipukizi, miti ya miiba ikaota bila kuzuiwa. Pori likasogea, na mbung'o wakasogea nyuma yake, mwaka kwa mwaka.

Mbung'o akimwuma ng'ombe humtia nagana, ng'ombe hukonda na kufa. Akimwuma mtu aweza kumtia malale. Mwaka wa 1922 malale yalionekana Maswa. Basi watu wa Usukuma walikuwa wakisukumwa kutoka magharibi na mashariki, ng'ombe wao wakibanwa katika nchi iliyozidi kuwa finyu, na ardhi ikichoka kwa kukanyagwa.

Swynnerton alikwenda Shinyanga, akashauriana na watemi, na mmoja wao aliyejulikana sana ni Makwaia wa Usiha. Watemi wakawaita watu baada ya mavuno, nao wakaja kwa maelfu na mashoka yao, wakakata pori mstari kwa mstari. Tena alijaribu njia ya moto. Desturi ilikuwa kuchoma nyika mapema, majani yangali na unyevu, na moto ukapita bila nguvu. Swynnerton alitaka majani yazuiwe yasichomwe mpaka mwisho wa kiangazi, yakauke kabisa, kisha yachomwe siku moja kwa moto mkali uwezao kuunguza vichaka. Habari za majaribio haya ya Shinyanga aliziandika katika taarifa ya mwaka wa 1925.

Mwaka wa 1929 ikaanzishwa idara ya peke yake ya kuchunguza mbung'o, na Swynnerton akawa mkuu wake. Makao yakawekwa Shinyanga, mahali paitwapo hata leo Old Shinyanga. Wakaja wataalamu wa wadudu, wa miti, na wa magonjwa, na pamoja nao vijana wengi wa nchi hii waliofundishwa kukamata mbung'o kwa nyavu ndogo.

4. Swali lisilojibika kwa macho

Hapo ndipo lilipotokea swali. Watu wamekata pori, wamechoka, wameacha kazi zao nyingine. Yafaa waambiwe kweli: mbung'o wamepungua, au hawakupungua? Na kama wamepungua, ni kwa sababu ya shoka, au ya moto, au ya mwaka wenye jua kali tu? Mtu aliyetoa jasho lake ana haki ya kupewa jibu lenye msingi.

Njia ya kwanza ilikuwa hii. Walipasua njia porini yenye urefu wa yadi 10,000, yaani kilometa tisa na kidogo. Vijana waliipita njia hiyo kwa siku zilizowekwa, wakasimama mahali palepale, wakakamata mbung'o waliowajia, wakaandika idadi yao. Kama wiki hii walipatikana 40, na mwaka uliopita kwa wiki kama hii walipatikana 80, ilidhaniwa ya kuwa wamepungua nusu.

Lakini je, ndivyo? Hapa fikirini habari ya ndege na vipepeo. Mbung'o amwendeaye mtu atembeaye njiani kwa sehemu kubwa ni dume, na wenye njaa ndio wanaokuja kuuma. Mbung'o aliyeshiba hukaa kimya juu ya mti wala haonekani. Basi mbung'o 40 waliokamatwa waweza kuwa sehemu ya wengi walioshiba, au sehemu ya wachache wenye njaa. Wanyama wakihama, mbung'o hushikwa na njaa, humwendea mtu kwa wingi, na mwenye kuhesabu hudhani ya kuwa wameongezeka, kumbe wanakaribia kufa. Hesabu ya njiani ilionyesha mbung'o wanaoonekana. Hesabu ya mbung'o waliopo ilikuwa jambo jingine, nayo ilifichwa.

5. Njia ya Jackson

Aliyeshughulika na jambo hili zaidi ya wengine alikuwa mmoja wa wasaidizi wa Swynnerton, C. H. N. Jackson. Maandiko yake juu ya wingi halisi wa mbung'o yalianza kutokea mwaka wa 1933, na kazi yake iliendelea miaka mingi, hasa Kakoma katika nchi ya Tabora. Twataka kuieleza njia yake polepole, kwa maana si ngumu kwa mtu ajuaye kugawanya.

Tuseme liko gunia la maharagwe, nasi hatutaki kuyahesabu moja moja. Twachota maharagwe 100, twayapaka rangi, twayarudisha, twalitikisa gunia vizuri. Kisha twachota tena 100 bila kuangalia. Tukiona 10 kati yao yana rangi, twajua ya kuwa yenye rangi ni sehemu moja ya kumi ya tulichochota. Basi yaelekea ni sehemu moja ya kumi ya gunia lote. Nayo yenye rangi tuliyaweka sisi wenyewe, ni 100. Kwa hiyo gunia lina maharagwe kadiri ya 1,000. Hesabu yenyewe ni 100 mara 100, kugawanywa kwa 10.

Njia hii ilikuwa imekwisha tumiwa kwingine. Petersen wa Denmark aliitumia kwa samaki mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na Lincoln wa Marekani aliitumia mwaka wa 1930 kwa mabata wa mwituni. Jackson akaileta kwa mbung'o. Vijana walimkamata mbung'o kwa wavu, wakamtia mgongoni nukta ndogo ya rangi ya mafuta, kama ile ya wachora picha, wakamwacha aruke. Rangi ya nukta na mahali ilipowekwa vilionyesha alikamatwa lini. Kazi hii yataka mkono mwepesi sana, kwa maana mbung'o aliyebanwa akaumia hufa, na hesabu yote huharibika.

Ila mbung'o si maharagwe. Gunia lake limetoboka chini, na juu yake hutiwa wapya kila siku: wengine hufa au huruka kwenda mbali, na wengine huzaliwa au huingia kutoka pori jingine. Wanaotoka ni wenye rangi na wasio na rangi pamoja. Wanaoingia wote hawana rangi. Kwa hiyo kila wiki ipitayo, wenye rangi huzidi kuwa wachache katika kila mia wanaokamatwa. Tena mbung'o akiisha kutiwa rangi, yafaa aachwe siku kadha wa kadha apate kuchanganyika na wenzake. Ukikamata siku ileile utawapata walewale walio karibu. Basi ile hesabu ya siku ya kwanza, ambayo ndiyo itakiwayo, haiwezi kupimwa kabisa.

Hapo Jackson alifanya jambo la akili. Alichukua ya kuwa katika wiki zinazofanana, sehemu inayobaki kutoka wiki moja hata wiki ifuatayo ni ileile. Wiki ya kwanza ikibaki 8 katika kila 10, basi ya pili itabaki 8 katika kila 10 za hizo zilizobaki, na ya tatu vivyo hivyo. Sehemu hiyo ni kiasi kisichobadilika, lakini hakijulikani. Hakuna mtu aliyekiona, wala hakuna chombo cha kukipima. Kinachopimwa ni matokeo yake tu. Tukiandika mlinganyo, twasema: idadi ya wenye rangi katika mia ya wiki yo yote ni idadi ya mwanzo, kuzidishwa kwa sehemu hiyo mara nyingi kadiri ya wiki zilizopita. Yasiyojulikana ni mawili: idadi ya mwanzo na sehemu ibakiayo. Yanayojulikana ni vipimo vya kila wiki.

Tutoe mfano, ambao tumeutunga sisi ili kuonyesha njia tu. Hesabu za Jackson mwenyewe zilikuwa ndefu kuliko huu. Tuseme walitiwa rangi mbung'o mia kadha wa kadha, na hesabu zote zikageuzwa ziwe kana kwamba walitiwa rangi 100 na kila wiki wakakamatwa 100. Wiki ya kwanza walipatikana wenye rangi 8.3, ya pili 6.0, ya tatu 5.4. Tukitazama wiki ya kwanza na ya pili peke yake, twaona imebaki sehemu 72 katika 100. Tukitazama ya pili na ya tatu peke yake, twaona imebaki 90 katika 100. Ni vipimo vya pori lilelile, lakini vinatoa majibu mawili! Mwenye kushika 72 atarudi nyuma mpaka mwanzo, apate wenye rangi 11.5, na aseme mbung'o wa pori hilo ni 870. Mwenye kushika 90 atapata 7.4 ya mwanzo, na aseme ni 1,350. Wakikaa barazani waweza kugombana mpaka jioni, na kila mmoja ana vipimo vyake mkononi.

Dawa ya ugomvi huo ni kutovichagua vipimo. Kila kipimo kina kosa lake: siku moja mawingu yalitanda, siku nyingine kijana alichoka, siku nyingine ilitokea bahati tu. Basi vyote huwekwa katika karatasi yenye miraba. Kwa msaada wa jedwali la logi, mteremko ule wa kupungua huwa mstari ulionyoka, na mwenye kuhesabu hutafuta mstari mmoja upitao karibu na nukta zote, ingawa pengine haugusi hata moja. Katika mfano wetu mstari huo hutoa sehemu 81 katika 100 za kila wiki. Ukiurudisha nyuma mpaka siku ya kwanza, hutoa wenye rangi 9.9, na mbung'o wote kadiri ya 1,000. Kila wiki nyingine ikiongezwa, mstari hushikwa kwa nguvu zaidi, kama uzio unaoongezewa nguzo.

Wachimbaji wa dhahabu wa Geita na Kahama hawatalistaajabia jambo hili. Nao pia hawawezi kuona mwamba wote ulio chini. Hutwaa vipande hapa na pale, huvisaga, hupima dhahabu ya kila kimoja, kisha hukadiria mwamba mzima. Na mwenye kuchagua kipande king'aacho peke yake, akakipimia wengine, wote wajua mwisho wake.

Jackson alikuwa na njia ya pili pia, iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Badala ya kutia rangi mara moja na kukamata wiki nyingi, alitia rangi wiki nyingi, kila wiki alama yake, kisha akakamata mara moja. Katika njia ya kwanza, rangi huwa adimu kwa sababu wapya wanaingia. Katika ya pili, alama za zamani ni chache kwa sababu wenye kuzichukua wamekufa au wamehama. Kwa hiyo njia moja husoma uzazi, na nyingine husoma mauti. Uchunguzi wake mkubwa ulipigwa chapa Uingereza katika miaka ya 1940, 1944 na 1948.

6. Kiasi kidogo chenye nguvu

Mtu aweza kuuliza: kujua ya kuwa hubaki 81 au 72 katika mia kutamfaidia nini mwenye ng'ombe? Jibu lake ni katika uzazi wa mbung'o. Inzi wa kawaida hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o jike huzaa funza mmoja tu kwa mara moja, na baada ya yule wa kwanza, huzaa mwingine kila siku tisa au kumi. Funza hujichimbia mchangani, na hukaa humo kadiri ya mwezi mmoja kabla hajatoka mwenye mabawa. Kwa hiyo mbung'o huishi kama mtu mwenye akiba ndogo sana: akiongezewa matumizi kidogo kila siku, hufilisika.

Wataalamu waliokuja baadaye, hasa wale wa Zimbabwe, walihesabu ya kuwa ukiongeza vifo vya majike kadiri ya 4 tu katika kila 100 kwa siku, na usiache, na wengine wasiingie kutoka nje, mbung'o wa mahali hapo humalizika. Si lazima kuua wengi kwa siku moja. Lakini neno hili halikuweza kujulikana kwa kutazama pori. Lilijulikana kwa hesabu ya vifo na uzazi, ya namna ile iliyoanza hapa kwetu kwa nukta za rangi.

7. Mwisho wake, na yaliyofuata

Mwaka wa 1936 Swynnerton alitoa kitabu kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika ya Mashariki, kilichokusanya maarifa ya miaka yote ile. Ndani yake alikuwa angali akiuliza: alikiita uchunguzi wa kwanza tu.

Mwezi wa Juni 1938 alikuwa katika safari ya ndege kwenda Dar es Salaam, kupokea nishani ya heshima kutoka kwa Serikali. Pamoja naye alikuwapo B. D. Burtt, mtaalamu wa miti na mimea wa idara yake, aliyeijua miti ya nchi yetu kuliko Mzungu ye yote wa siku zile. Ndege ikaanguka, nao wote wawili wakafa. Swynnerton alikuwa na umri wa miaka 60. Mwanawe Roger alikuwa bwana shamba. Alifanya kazi Kilimanjaro, na baadaye jina lake likajulikana sana Kenya kwa mpango wa kilimo wa mwaka wa 1954.

Kazi ya Shinyanga haikufa pamoja naye. Katika miaka ya 1940 na kitu, mwenzao mmoja, F. L. Vanderplank, alijaribu kuwaachia mbung'o wa aina moja katika pori la aina nyingine, wapate kuzaana na kuzaa watoto wasiozaa. Wazo hilo la kumshinda mdudu kwa kumtia utasa lilitimizwa kwa namna nyingine huko Unguja: madume waliofanywa tasa waliachwa kwa wingi toka mwaka wa 1994, mbung'o wa mwisho wa mwitu akaonekana mwaka wa 1996, na mwaka wa 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Huko nako walikuwa wakihesabu kila wiki wangapi wana alama na wangapi hawana.

Yafaa pia kusema yaliyo upande wa pili. Katika kumfukuza mbung'o, miti mingi ya Shinyanga ilikatwa, na watu wakaendelea kukata kwa mashamba na kwa kuni, mpaka sehemu kubwa ya nchi ikabaki uchi. Mwaka wa 1986 ikabidi kuanzisha kazi iitwayo HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili miti irudi. Na watu walirudishia desturi ya zamani ya Wasukuma ya kutenga ngitili, malisho yasiyoguswa mpaka kiangazi. Tena John Ford, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kazi ya mbung'o, aliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1971 ya kuwa Waafrika wa zamani walijua kuishi na mbung'o na kuwaweka mbali, kabla sotoka na vita havijaharibu mpango wao. Ni neno lilelile ambalo Swynnerton alilisikia kwa wazee wa nchi ya Umzila. Mbung'o walipimwa kwa uangalifu mwingi. Mti haukupimwa vivyo hivyo. Jambo lisilotiwa katika hesabu halikosi kudai deni lake.

Wala tusiwasahau wale vijana wa nyavu. Majina yao hayakuandikwa katika milinganyo, lakini kila namba iliyoandikwa Shinyanga na Kakoma ilipita mikononi mwao kwanza. Kama mmoja wao angeandika 20 mahali pa 12 kwa ajili ya kumpendeza mkubwa wake, mstari wote ungepotoka, na hakuna mtaalamu wa London ambaye angeweza kuunyosha.

Basi, wasomaji, haya ndiyo twataka mkumbuke. Wengi wenu hushika daftari: la mahudhurio ya shule, la mavuno ya kijiji, la mvua, la watoto waliopimwa uzito, la mifugo iliyokufa. Andikeni kilichoonekana, hata kikiwa hakipendezi. Msitupe kipimo kwa sababu hakilingani na vingine, wala msishike kimoja kwa sababu chawapendeza. Na mkiulizwa jumla isiyoweza kuhesabiwa, toeni kadirio lenu pamoja na kiasi cha shaka yake, mkimwambia muulizaji ya kuwa ni kadiri ya elfu, pengine mia tisa, pengine elfu na mia. Mtu anayejibu hivyo asidharauliwe kana kwamba hajui. Watu wa Shinyanga walioshika mashoka walistahili jibu la namna hiyo, na watoto wao wanalistahili hata sasa.